Kichwa cha Mjukuu Wangu na Chupa ya Kiamunyi

Nianze na wivu, kwa sababu ndio ulionitoa nyumbani nikaenda kunusa chupa za wanawake katikati ya mji. Watu wakizeeka hudanganya ati roho imepoa. Yangu haijapoa. Nina miaka sabini na kitu, meno ya mbele yamebaki ya kuhesabu, na bado naweza kukaa hapa mlangoni kwangu, mtaa wa Rhonda, Nakuru, nikiwaka kama jiko la makaa kwa sababu ya mama mmoja wa mtaa wa Kiamunyi ambaye hajawahi kunikosea hata neno moja.

Huyo mama ni mkwe wangu. Kijana wake ndiye aliyemwoa binti yangu. Kijana yuko Qatar anaendesha lori. Binti yangu yuko Naivasha kwenye shamba la maua, analala huko huko, na huja Nakuru Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katikati yao kuna mtoto msichana wa miaka saba, na huyo waliniachia mimi, kwa sababu shule yake iko hapa karibu na kwa sababu mke wangu alipofariki nyumba ilibaki na ukimya ambao hata redio ilishindwa kuujaza.

Mtoto ana jina la marehemu mke wangu. Kwetu, mtoto akibeba jina la aliyetangulia, humfokei ovyo. Mimi humwita Mama, na yeye huitika kama mtu mzima mwenye shughuli zake. Kwa hivyo unaelewa. Jina ni letu. Ila kichwa, polepole, kikaanza kuwa cha Kiamunyi.

Nizungumze juu ya hicho kichwa. Nywele za huyu mtoto ni nyingi, nzito, zimejikunja moja moja kama springi za ndani ya kalamu. Alizitoa kwa nyanya yake, yule marehemu wangu. Chanuo la plastiki halimalizi mwezi kabla meno hayajang'oka. Halafu vumbi la Nakuru mnalijua, jeupe, jepesi, linaingia hata kwenye sukari iliyofunikwa. Na maji yetu ya kisima yana chumvichumvi. Ukiyafulia shati, linakauka limesimama kama ubao. Weka hayo yote juu ya nywele kama zile, halafu umpe mzee chanuo.

Ndiyo, mimi ndiye niliyekuwa namchana. Nilijifunza mke wangu alipougua, mikono yake ikavimba asiweze kuiinua juu ya mabega. Nilimchana yeye miaka miwili, na alipoondoka mikono yangu ilibaki na hiyo kazi bila mtu. Basi kila Jumamosi baada ya chai, mimi kwenye kigoda, mtoto chini kwenye gunia, mgongo wake kwenye magoti yangu. Nilichota mafuta ya kukamulia ng'ombe, yale ya mkebe, mazito, nikapaka, nikashika chanuo, nikaanzia kwenye mizizi na kuvuta. Mtoto alilia. Nilidhani kulia ni sehemu ya kuchana, kama moshi ulivyo sehemu ya kuni. Jirani yangu wa mlango wa tatu, mama mmoja mwuza sukumawiki ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu azaliwe, alikuwa akipita na beseni anasema, "Mzee, unachana ama unalima?"

Nikamwambia alime kwake.

Kuhusu mafuta ya kukamulia, usinicheke. Hapa tumeyapaka miaka yote, watoto, wazee, midomo, visigino. Nilipokuwa kijana nilidhani yalitengenezwa kwa watu, na ng'ombe wakaomba.

Sasa, mtoto alikuwa akienda Kiamunyi wikendi moja moja. Sikukataa. Damu ni yao pia. Ila Jumapili moja jioni alirudi, nikamwona kutoka mbali pale kwenye kona ya mwuza mkaa, nikadhani ni mtoto wa mtu mwingine. Nywele zilikuwa zimegawanywa mafungu manne, zimesukwa mikia minne minono, zinang'aa, zinaruka akitembea. Hakuna nywele hata moja iliyokuwa imekasirika.

"Nani amekufanya hivi?" nikamwuliza, ingawa nilijua.

"Nyanya."

"Ulilia?"

"Hapana. Nyanya ana chupa. Anafanya shii, shii, halafu anaingiza vidole, halafu nywele inajiachilia."

"Inajiachilia aje?"

"Inajiachilia tu, Babu. Hata wewe ukiwekwa utajiachilia."

Nikacheka kwa mdomo. Ndani, nilihisi kama mtu amenihamisha kitanda. Nyanya! Huyo mama ana tangi la maji ya mvua kubwa kuliko chumba changu. Ana vigae sakafuni, ana kioo cha kuonyesha mtu mzima mpaka viatu, ana mparachichi nyuma ya nyumba unaodondosha matunda kwenye nyasi kama hauna haja nayo. Alikuwa mwalimu, akastaafu vizuri. Na juu ya yote hayo ana adabu. Kila mtoto akirudi, anakuja na mfuko wa maparachichi, "Nyanya amesema umpe Babu salamu." Angekuwa mbaya, ningepumzika. Mtu mbaya unamchukia unaenda kulala. Lakini mtu mzuri mwenye chupa, utamfanya nini?

Na sikuweza kumwuliza ni chupa gani. Hapa wengine watashangaa, basi nieleze. Kwetu, mama mkwe wa binti yako si mtu wa kuzungumza naye mambo ya mwilini. Hatupeani mikono. Akija, anasimama kule nje karibu na kamba ya nguo, mimi nasimama huku, tunasalimiana tukiangalia pembeni kama watu wanaosubiri mvua. "Mkwe, mmeamkaje?" "Tumeamka salama, mkwe. Kwenu?" Yakiisha hayo, tunataja hali ya hewa, anaondoka. Sasa mimi nimwulize, "Mkwe, unaweka nini kwenye bafu yako?" Baba yangu, aliyeletwa Nakuru na reli, angefufuka anipige kofi.

Kwa hivyo nilitumia pua. Mtoto akiwa anafanya kazi ya shule, nilijifanya naangalia daftari, nikainama, nikanusa kichwa. Nazi. Nazi, na kitu kingine nyuma yake, kama ganda la ndimu. Nikaenda nje nikairudia akilini ili nisiisahau.

Haya, ningeweza kuishi na huo wivu, watu huishi na mabaya zaidi. Lakini binti yangu alipiga simu katikati ya mwezi.

"Baba, mwalimu amenipigia. Anasema kichwa cha mtoto kinakuja shule kama kichaka. Ati asukwe vizuri ama anyolewe."

"Nitamchana."

"Baba, unamchana na analia mpaka majirani wananiambia. Hataki Jumamosi ifike. Sasa mama wa Kiamunyi ameniambia yuko tayari kukaa na yeye kabisa. Shule ziko huko pia."

Niliangalia viatu vya shule vya mtoto pale mlangoni, kimoja kimelala juu ya kingine.

"Baba, uko?"

"Niko."

"Nikija mwisho wa mwezi nitamwangalia. Nikikuta ni vile vile, ataenda. Si ubaya, Baba. Ni kichwa tu."

Ni kichwa tu! Mtu akikwambia ni kichwa tu, mwulize mtoto mwenyewe hubaki wapi kichwa kikienda.

Basi nikavaa koti, nikaenda mjini. Kuna kijia pale nyuma ya stendi ambapo kila duka ni la nywele: nywele za kushonea zimening'inia mlangoni kama mikia ya farasi, na rafu za chupa kutoka sakafuni mpaka dari. Nikaingia la kwanza. Msichana wa duka alikuwa na nywele fupi za rangi ya chungwa na kucha ndefu kiasi kwamba alishika simu kwa ngumi.

"Karibu mzee. Tukusaidie na nini?"

"Nataka ile ya kufanya nywele ijiachilie."

"Ijiachilie?"

"Isishikane. Ya kunyunyiza. Inanuka nazi na ndimu."

Kulikuwa na wateja wengine wawili, mmoja wao mwanamke mnene amekaa kwenye stuli anajipepea na kadibodi. Huyo akamtazama mwenzake. "Mzee ako na mrembo mahali," akasema.

"Ni ya mjukuu," nikasema.

"Wote husema mjukuu."

Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nimeona maishani kwamba ukikataa utani wa wanawake wawili wanakuwa wanne.

Msichana wa duka akaniwekea chupa tatu kwenye meza. Sikuvaa miwani na hata ningevaa, mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, Kiingereza cha maandishi madogo kile kilinipita kikiwa bado kwenye basi. Kwa hivyo nikafungua kifuniko cha kwanza nikanusa. Nikafungua cha pili.

"Mzee, hiyo si pombe! Nusa pole pole."

Cha pili kilikuwa ndicho. Nazi, halafu ganda la ndimu. Nilisimama nacho mkononi na nikamwona mkwe wangu pale, amekaa kwenye kiti chake cha Kiamunyi, vidole vyake kwenye kichwa cha mtoto wangu. Nikasema ndani, nimekupata.

"Hii ni ya nywele nyepesi," msichana akaniambia. "Ni maji maji. Nywele ya mtoto ni nzito ama ni laini?"

"Ni nzito kama deni la mtu mwingine."

"Basi hii itabidi aweke nyingi nyingi na vidole vingi. Chukua hii ya tatu, ni krimu. Unaona hapa nyuma? Kitu cha kwanza wameandika ni maji. Ikianza na maji ni sawa, ikianza na mafuta, wacha. Nywele kavu haikosi mafuta mzee, inakosa maji. Hii unaweka nywele ikiwa na unyevu, unaiacha humo humo, hauoshi. Inalainisha, na chanuo inapita." Akaminya tone moja akaniwekea katikati ya kidole gumba na cha shahada. "Sugua."

Nikasugua. Nikajikuta natabasamu peke yangu.

"Hii inateleza kama mrenda," nikasema.

"Kama nini?"

"Mrenda. Mboga ya kwetu. Ukiila inaondoka kwa kijiko kabla hujafungua mdomo."

Yule mnene wa kwenye stuli akapiga meza. "Mzee anasema ukweli! Ni mrenda kabisa!" Kumbe ni wa kwetu, wa magharibi. Akaacha kunitania kutoka hapo, akawa upande wangu. "Chukua hiyo ya mrenda, mzee, wacha hiyo nyingine ya kunukia. Harufu haichani nywele."

Lakini sikuichagua kwa sababu ya mrenda, wala kwa sababu ya maji kuandikwa kwanza. Nitasema ukweli kwa vile nimeshaanza. Nilikuwa nimeshika ile ya Kiamunyi mkono huu na ya mrenda mkono huu, na nikafikiria: nikichukua ya Kiamunyi, mtoto atakaa kwangu, atalala kwangu, na kila akipita atanukia nyumba ya yule mama. Nitakuwa nimeileta Kiamunyi Rhonda kwa mikono yangu. Nikairudisha mezani haraka kama imeniuma. Ndivyo nilivyochagua. Wivu ulichagua, na kwa bahati wivu siku hiyo ulikuwa na akili.

Msichana akauliza swali la mwisho, na hapo ndipo nilipoharibu. "Mzee, saa hii unampaka nini?"

Niseme mafuta ya kukamulia ng'ombe, mbele ya wale wanawake? Nilisema, "Mafuta ya nazi. Kidogo."

"Ah, basi sawa. Hiyo ni nyepesi. Lowesha tu na maji halafu upake hii, fungu kwa fungu, anzia kwenye ncha ukipanda juu. Usianze kwa mizizi, utamwua."

Jumamosi iliyofuata, wiki moja kabla ya binti yangu kuja, nikamketisha mtoto. Nikamwonyesha chupa. Akainusa. "Hii haina harufu ya Nyanya," akasema.

"Huo ndio uzuri wake," nikamwambia.

Nikamwagia kichwa maji kwa kikombe. Maji yakakataa. Yalikaa juu ya nywele matone matone, yakaviringika, yakashuka shingoni, kama maji kwenye jani la nduma. Nikamwaga mengine, yakashuka vile vile, mtoto akatetemeka. Nikasema labda krimu itayashika. Nikapaka. Nikapaka tena. Na ile krimu ikakutana na mafuta ya wiki ngapi sijui, na vumbi la Rhonda, ikageuka vidonge. Vidonge vyeupe, vidogo, kila mahali, kama mtu amekuna sabuni juu yake. Nikadhani chanuo litavitoa. Chanuo lilikwama hapo kwa sikio, na mtoto akatoa ile sauti.

Mwuza sukumawiki akatokea. Lazima atokee. Akasimama na beseni kichwani, akaangalia vizuri.

"Wooi. Mzee, umemmwagia mtoto uji?"

"Pita, mama, pita na mboga zako."

"Mimi napita. Lakini huyo anahitaji kijiko."

Ningevumilia hayo. Lakini ilikuwa ndiyo wikendi ya Kiamunyi, na mkwe wangu, ambaye hajawahi kuchelewa tangu nimjue, alifika kumchukua mtoto nikiwa bado na chanuo mkononi. Akasimama kwenye kamba ya nguo. Akaona kichwa. Akaniona mimi, akaona chupa chini karibu na mguu wangu, na haraka akahamisha macho yake kwenye shuka iliyokuwa imeanikwa, kwa heshima.

"Mkwe, mmeamkaje?"

"Tumeamka salama, mkwe."

"Jua ni kali."

"Ni kali kweli."

Mtoto akamkimbilia akilia, akaficha uso kwenye sketi yake. Yule mama akaweka kiganja juu ya ule uji bila kusita. "Pole, mama. Tutaosha tu," akamwambia. Hakusema babu yako amefanya nini. Hakucheka. Waliondoka, na kwenye kona niliona mtoto ameacha kulia na anamweleza kitu kwa mikono yote miwili. Kunihusu, bila shaka. Nilitamani yule mama angenitukana. Nilitamani hivyo mpaka jioni.

Nilikaa pale na chupa. Tutaosha tu. Neno hilo lilinizunguka kichwani kama nzi, na ndipo likanipeleka kiwandani.

Sikuwa nimesema, lakini mimi nilifanya kazi miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha blanketi, hapa hapa Nakuru, upande wa kuchambua sufu. Kilishafungwa. Sufu ilikuja kwa marobota kutoka Molo na Njoro, chafu, imeshikana, na mafuta yake ya kondoo yananata kama gundi, na miiba ndani. Kulikuwa na mashine ya meno mengi ya kuichana. Mgeni yeyote alitaka kuitupa sufu kwenye meno mara moja. Fundi wetu mkuu, Mhindi mmoja mzee mwenye kilemba na kikohozi, alisimama hapo kuzuia. Kwanza kuosha, maji moto na sabuni, mara mbili, mara tatu, mpaka mafuta ya kondoo yatoke yote. Halafu, ikiwa bado na unyevu, tunainyunyizia maji yaliyochanganywa na mafuta kidogo, tunaifunika turubai, inakunywa. Ndipo inaenda kwenye meno, na inapita kama mawingu. Ukiruka kuosha, yale maji ya mafuta hayaingii, yanakaa juu, na sufu inatoka vidonge vidonge vyeupe. Nimeviona vidonge hivyo mara mia. Nimekatwa mshahara kwa ajili ya vidonge hivyo. Yule fundi alikuwa akisema, "Mafuta juu ya mafuta ni matope." Na mimi, mtu wa sufu miaka ishirini na sita, nimemfanyia mjukuu wangu kwa mikono yangu kile ambacho singemfanyia kondoo wa watu nisiowajua.

Sikuwa na hasira na yule mama kwa dakika kama tano. Halafu nikakumbuka yeye ameosha tayari, saa hii, kwa maji laini ya tangi lake, na hasira ikarudi vizuri.

Jumatano ilinyesha. Nilitoa kila chombo nilichonacho, masufuria, beseni, hata ndoo ya mtu, nikavipanga chini ya mabati, nikakinga maji ya mvua. Mwuza sukumawiki aliniuliza kama nimekuwa fundi wa ziwa. Ule mkebe wa mafuta ya kukamulia nikampa jirani mwenye mbuzi. Wiki yote mtoto hakupakwa kitu. Alirudi kutoka Kiamunyi na kichwa kisafi, na ile nazi na ndimu, na mimi nikahesabu siku mpaka harufu ikatoka.

Jumamosi binti yangu alifika mapema, kabla hata chai haijachemka. Alikuja na begi kubwa la kitambaa, tupu, limekunjwa chini ya kwapa. Nguo zote za mtoto zingeingia humo. Akakaa kwenye kitanda karibu na mlango, akalitandaza begi kwenye magoti yake kama leso, akashika kikombe chake. "Endelea, Baba," akasema. "Fanya kama unavyofanyanga."

Nimewahi kusimama mbele ya meneja wa kiwanda, nimewahi kusimama mbele ya baba ya mke wangu na wazee wake sita. Hakuna hata mmoja wao aliyekuja na begi.

Maji ya mvua nilikuwa nimeyapasha, vuguvugu. Nikamwinamisha mtoto kwenye beseni nikaosha kwa shampuu mara moja, nikamwaga, nikaosha tena. Safari hii maji yaliingia. Niliyaona yakizama. Nikakausha kwa fulana kuukuu, kwa kubonyeza, bila kusugua, nikaacha unyevu. Nikamketisha kwenye gunia. Ili asikae tu anasubiri maumivu, nikampa sufuria na ungo wa maharagwe, achambue.

Nikagawa mafungu manane. La kwanza, krimu kidogo, vidole tu. Nikaanzia kwenye ncha. Sikuvuta. Nikafungua kifundo kimoja kama mtu anafungua fundo la pesa la mama mzee, bila haraka, nikapanda kidogo, nikafungua kingine. Nilikuwa nasikiliza. Sikusikiliza nywele, nilimsikiliza mtoto. Alikuwa amekaza mabega mpaka yakafika masikioni, anangoja. Fungu la kwanza likaisha. Nikapitisha chanuo; likashuka lote, kutoka juu mpaka chini, na halikusimama.

Mabega yakateremka kidogo.

Fungu la pili. La tatu. Maharagwe yakaanza kulia ting, ting, kwenye sufuria. Binti yangu hakuwa akinywa chai tena. La nne, ambalo ni lile la nyuma ya sikio, binti yangu mwenyewe akainuka, akaja, akaweka kidole kwenye ngozi ya kichwa hapo palipokuwa na kidonda kidogo mwezi uliopita. Palikuwa pamepona. Akachukua nywele moja iliyonyooka kati ya vidole vyake akaiachilia, ikarudi ikajikunja yenyewe kama ya marehemu mama yake. Najua aliliona hilo kwa sababu aliirudia mara ya pili. Akarudi kitandani, akalikunja lile begi mara mbili, mara nne, akalisukuma chini ya mto.

"Nitaongea na mwalimu," akasema. "Na nitapigia mama wa Kiamunyi, nimwambie asante, mtoto atakaa hapa. Wikendi atakuwa anaenda tu."

"Mwambie asante," nikasema, na sauti yangu ilikuwa tamu kama ya shemasi. Nilijiona mrefu. Ningempa yule mama mkono siku hiyo, mkwe asiyeshikwa mkono. Nilifikia fungu la sita nikiwa nimemsamehe kwa makosa yote ambayo hakuyafanya.

Mtoto alikuwa ameinamia ungo. Alikuwa ametusahau. Alikuwa anaongea peke yake na maharagwe, hili zuri, hili zuri, hili ni la mwaka jana, kichwa chake kizito na legevu kwenye magoti yangu kama ambavyo hakijawahi kuwa. Akainua harage moja juu ya bega, bila kugeuka, anionyeshe.

"Nyanya," akasema, "hili limeliwa na mdudu."

Binti yangu akaniangalia. Mwuza sukumawiki, ambaye alikuwa mlangoni tangu fungu la pili akijifanya anapumzisha beseni, akaziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa na mikono miwili ndani ya zile nywele na krimu imenifika kwenye vifundo vya mikono. Nilihisi wivu ukiwaka kifuani, pale pale pa siku zote.

"Litupe, Mama," nikamjibu, nikachukua fungu la saba.